Namna ya kuendesha semina ya mazingira kwa watu wazima: mwongozo kutoka Kigoma

Ukiitisha mkutano Kibirizi, Ujiji au Mwamgongo ukawaambia watu "tutunze mazingira", watakubali wote. Watapiga makofi, watakunywa soda, na kesho yake dagaa wataanikwa palepale mchangani na kuni zitakatwa kilima kilekile. Si ukaidi. Hujawaambia kitu wasichokijua. Mama anayepanda mlima kutafuta kuni anajua kukuzidi kwamba msitu umesogea mbali, maana umbali huo anautembea yeye. Habari anazo. Anachokosa ni namna ya kuivisha maharage kwa kuni chache, na mtu wa kukaa naye chini wakatengeneza hilo jiko pamoja.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuwa mtu huyo: mwalimu wa elimu ya watu wazima, afisa maendeleo ya jamii wa kata, kiongozi wa kikundi cha akina mama, kijana wa BMU (kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi) pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga. Mifano yote ni ya mwambao wa Ziwa Tanganyika na vijiji vya milimani nyuma yake. Wa mkoa mwingine atabadilisha dagaa aweke la kwake.

Hatua ya 1: Pita kwanza, semina baadaye

Peleka barua kwa mtendaji na uonane na mwenyekiti wa kijiji uso kwa uso; mjini ni mwenyekiti wa mtaa. Mwaloni ongeza viongozi wa BMU, maana ndio wenye sauti kwa wavuvi. Usiruke hapa hata kama una haraka. Semina ambayo mwenyekiti hakuambiwa itaitwa siasa kabla ya saa sita mchana.

Kisha omba kutembezwa. Usiende na viongozi peke yao. Tafuta mama mmoja anayeuza dagaa au kulima mtelemkoni, na mzee mmoja aliyezaliwa hapo. Tembeeni polepole, uliza maswali ambayo majibu yake yanaonekana kwa macho. Kuni mnatoa wapi siku hizi, na mlipokuwa watoto mlikuwa mnatoa wapi? Mvua kubwa ikinyesha maji yanapita shamba la nani? Taka za soko zinaishia wapi? Dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka mnawafanyaje? Sikiliza zaidi pale jibu linapotaja pesa au kuchoka. "Tunamwaga", "tunauza kwa hasara", "natoka alfajiri narudi saa saba": hapo ndipo semina yako ilipo.

Kuna funzo la hapahapa mkoani. Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE kwenye vijiji vinavyozunguka Gombe. Shabaha ilikuwa kurudisha miti ili sokwe wapate pa kuishi. Wanavijiji walipoulizwa wao wanataka nini, wakataja chakula, afya na elimu. Mradi ukakubali kuanzia hapo. Miaka iliyofuata ni vijiji hivyohivyo vilivyokaa na kupanga matumizi ya ardhi yao, vikatenga misitu na kuchagua walinzi wake wenyewe. Wangeanza kwa kuhubiri habari za sokwe, nadhani wangekuwa bado wanahubiri.

Hatua ya 2: Chagua jambo moja

Ratiba nyingi za semina zimejaa kama daladala ya jioni: tabianchi saa tatu, taka ngumu saa nne, misitu saa tano, jinsia na mazingira baada ya chakula. Mshiriki anaondoka na daftari na kalamu, basi. Chagua jambo moja kwa semina moja, ulipitishe kwenye maswali matatu. Vifaa vyake vinapatikana kijijini bila kuagiza? Matokeo yataonekana ndani ya msimu huu? Kuna anayepunguziwa gharama, au anayeongeza kipato? Likikwama kwenye swali hata moja, liweke pembeni kwanza.

Kwa Kigoma uchaguzi si mgumu. Mwaloni, chanja za kuanikia dagaa. Milimani, kuzuia udongo usitelemke. Mjini na kwenye vijiji vikubwa, jiko banifu (lile linalokula kuni kidogo), au mkaa wa kufinyanga kwa chenga za mkaa na uji wa muhogo. Ambako mawese yanakamuliwa, yale makapi yanayorundikwa karibu na mashine ni kuni tayari. Kinachotakiwa ni kuyakausha vizuri na kuwa na jiko linaloyakubali.

Hatua ya 3: Angalia mwezi, gulio na ibada

Hapa ndipo waandaaji kutoka nje wanapokwama. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa inavuta dagaa pale penye giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika siku za mbalamwezi, wanashona nyavu, wanakagua mitumbwi. Akina mama wanaonunua na kuanika nao wanapata nafasi. Basi semina ya mwaloni iweke mbalamwezi. Ukiiweka wakati wa giza utawapata wenye usingizi na wenye haraka, na wale unaowataka hasa watakuwa wanakimbizana na mitumbwi inayotia nanga.

Ziwa likifungwa nafasi ni kubwa zaidi. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Kipindi cha namna hiyo watu wana muda, tena wana maswali, na mengine yana hasira. Jiandae kuyasikiliza kabla hujafungua mdomo kufundisha.

Milimani kalenda ni ya mvua. Makinga maji, ile mitaro ya kuzuia udongo usitelemke, yapimwe na kuchimbwa kiangazi, Julai hadi Septemba, kabla mvua hazijaanza. Majiko ya udongo nayo ni kazi ya kiangazi. Miti inasubiri mvua ishike vizuri.

Halafu siku yenyewe. Siku ya gulio, hapana. Ijumaa mchana Ujiji, hapana. Jumapili asubuhi hapana, na Jumamosi ulizia kwanza, kwa sababu mkoa huu una Wasabato wengi na hawatakuja. Kwa wakulima asubuhi ni ya shamba, kwa hiyo saa nane mchana hadi saa kumi na moja inafaa kuliko saa tatu asubuhi ya barua za ofisini.

Hatua ya 4: Posho

Tuseme ukweli. Watu wamezoeshwa kwamba semina ni posho, na aliyewazoesha si wao. Msimamo wangu: usilipe mtu kwa kukaa. Rudisha nauli ya aliyetoka mbali, pika uji au wali maharage (tena upike kwa jiko lile unalolifundisha), na pesa iliyobaki nunua vifaa vitakavyobaki kijijini. Lisemwe kwenye barua ya mwaliko na mwenyekiti alirudie mkutanoni, siyo mtu agundue jioni wakati wa kusaini. Watakaopungua ni wale waliokuwa wamefuata bahasha.

Hatua ya 5: Kupanga watu na kuanza

Watu 20 hadi 25 wanatosha. Wakizidi hapo nusu watakuwa watazamaji. Alika kaya, si mtu mmoja mmoja. Mama akijifunza jiko na baba hayupo, jiko litabomolewa kwa sababu "limeziba njia". Baba akijifunza makinga maji na mama hayupo, majembe mawili yatalima kila moja upande wake.

Kaeni duara, chini ya mwembe ikiwezekana. Projekta na jenereta viache mjini: kelele ya jenereta inafanya wazee wasisikie, na picha za barafu ya ncha ya dunia hazina mwenyeji hapa. Salimia Kiha kama unakijua hata kidogo, wazee wape shikamoo yao, na usimwite mtu "mshiriki namba saba". Ni Mama fulani, Mzee fulani, Bwana fulani.

Usianze na tafsiri ya neno mazingira. Anza na swali moja lililotoka kwenye matembezi yako, na mpe nafasi ya kwanza mtu aliyelijibu vizuri siku ile. Yule mzee akisimulia mto uliokuwa haukauki, mwachie amalize. Ukimkatiza ili "tuokoe muda" umeshapoteza wazee wote waliokaa upande wake.

Wengine hawasomi, na hawatasema. Kwa hiyo lisiwepo zoezi linalomlazimu mtu kuandika au kusoma mbele ya watu. Bango kitita (yale makaratasi makubwa ya kufunua) litumie kuchora tu, au liache kabisa uchore chini kwa kijiti. Wanawake wakinyamaza, gawa vikundi vya wanawake na wanaume kwa nusu saa, halafu kila kundi lichague msemaji.

Hatua ya 6: Mikono ishike kitu

Theluthi mbili za muda ziwe kazi. Nitaeleza tatu ninazozipenda, ya kwanza kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayobadilisha watu haraka kuliko zote.

Kupima kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko, kwa fremu A. Nendeni kwenye shamba la mmoja wao, lenye mteremko. Tafuteni fito mbili zilizonyooka, kila moja kama mita 2, na moja fupi ya mita 1. Fungeni mbili ndefu pamoja juu, tanueni miguu, kisha fungeni ile fupi katikati iwe daraja. Ndiyo herufi A. Ning'inizeni jiwe kwa uzi kutoka kwenye kilele, lipite chini kidogo ya daraja. Sasa tafuteni alama ya usawa. Simamisheni fremu, wekeni kijiti kila mguu ulipo, choreeni alama pale uzi unapogusa daraja. Geuzeni fremu, mguu wa kulia ukae palipokuwa pa kushoto, choreeni tena. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Wekeni alama kubwa hapo.

Kabla hamjapima, cheza mchezo huu. Mwombe mkulima mzoefu achomeke vijiti vitano kwa macho, kila kimoja usawa na mwenzake. Ataanza kwa kukwambia, "Kijana, kilima hiki nimekilima wewe hujazaliwa." Mwambie, "Ndiyo mzee, ndiyo maana nimekuomba wewe." Akimaliza, pitisheni fremu A kwenye vijiti vyake. Mara nyingi mstari wa macho unatelemka pole pole, kwa sababu mlimani jicho linadanganywa na mteremko wenyewe, na kila mtu anaona uzi ukihama kutoka kwenye alama. Hapo acha wacheke, acha mzee ashike fremu yeye mwenyewe apime upya. Kutoka hapo huna haja ya kueleza kwa nini tuta lililopimwa kwa macho hukusanya maji upande mmoja likapasuka.

Kupima kunaendelea hivi: mguu mmoja kwenye kijiti, wa pili unatafuta mahali ambapo uzi unatulia kwenye alama, unachomeka kijiti, unasogea. Mstari ukiisha, chimbeni mtaro ukifuata vijiti. Udongo ukitupwa upande wa juu ni fanya juu, ambayo taratibu inajenga ngazi. Ukitupwa chini ni fanya chini, ni rahisi kuchimba lakini ngazi inachelewa. Juu ya tuta pandeni nyasi za mabingobingo au vetiva, mizizi ishike udongo na majani yapate mbuzi wa kuyala. Nafasi kati ya mstari na mstari: telemka hadi macho yako yawe usawa na mstari wa juu, hapo anza mwingine. Kwenye mteremko mkali mistari itakaribiana yenyewe.

Udongo usiozuiwa hapo unaishia ziwani, unafunika mawe ya kando kando ambako samaki wengi wa ziwa hili hutaga na kujificha. Mvuvi akialikwa kwenye semina ya wakulima, hili mwachie aliseme yeye.

Chanja ya dagaa. Dagaa wa mchangani wanachukua mchanga, kinyesi cha kuku na unyevu wa chini, na mvua ikija ghafla hakuna namna ya kuwakusanya wote. Kwenye chanja hewa inapita juu na chini, wanakauka mapema, na mnunuzi akitafuna hasikii mchanga. Jengeni chanja moja ya mfano wakati wa mbalamwezi. Urefu uwe wa kiuno ili mama asiiname kutwa nzima. Tandazeni waya wa wavu juu yake, au nyavu chakavu ambazo zingetupwa majini. Nguzo msizikate msituni: mianzi, mabanzi na mbao za mitumbwi iliyokufa zinafaa. Miguu ya nguzo ichomwe kidogo kwa moto kuzuia mchwa. Msiipake oili chafu ya injini, hiyo isiwepo karibu na maji. Turubai likae limekunjwa pembeni, tayari.

Giza likirudi na dagaa wakipatikana, kutaneni tena kwa saa moja tu. Chukueni ndoo moja ya dagaa wa usiku huohuo, nusu mchangani, nusu kwenye chanja, watandazwe wepesi wasipandane. Jioni kila mtu apite ashike, anuse, aonje. Aiteni mfanyabiashara mmoja apange bei ya kila fungu bila kuambiwa lipi limetoka wapi. Yeye ndiye mwalimu wa siku hiyo.

Jiko banifu la udongo. Udongo wa kichuguu ndio mzuri. Uponde, uchanganye na mchanga na nyasi kavu zilizokatwa fupi, ukande kwa miguu, ufunike ulale siku chache. Kujua kama mchanganyiko umekaa, finyanga donge la ukubwa wa ngumi uliangushe kutoka kiunoni. Likisambaratika, mchanga umezidi. Likibaki donge, lakini jingine mliloliacha likauke likapasuka nyufa, udongo umezidi. Wakina mama waliowahi kufinyanga vyungu wanajua hili kwa kushika tu, wape waongoze.

Jengeni kuzunguka sufuria halisi ya mwenye nyumba, siyo ya semina, maana jiko litakaa sawa na sufuria ile. Kipande cha shina la mgomba kikae penye mlango wa kuni na kingine penye njia ya moshi, vitolewe udongo ukishikana. Kati ya sufuria na ukuta ibaki nafasi ya unene wa kidole kidogo, moto upande kwa ubavuni. Mlango uwe mdogo. Watu watataka mkubwa ili gogo liingie zima; kataa, kwa sababu mlango mkubwa unaingiza hewa baridi na kula kuni. Likauke kivulini wiki mbili hadi tatu kabla ya moto wa kwanza.

Kushindanisha ndiyo sehemu ya kufurahisha. Azima mizani ya muuza nyama. Pimeni mafungu mawili ya kuni kavu yenye uzito sawa na maharage kipimo sawa, moja mafiga matatu, jingine jiko jipya lililokwisha kauka. Maharage yakiiva, pimeni kuni zilizobaki. Usitabiri matokeo. Jiko likiwa limejengwa vibaya litashindwa mbele ya wote, na hapo mtajadili mlango, nafasi na ukavu wa kuni, mambo ambayo wangeyasahau kama ungeyasema tu.

Hatua ya 7: Sheria, kwa kifupi

Iweke mwishoni na isizidi dakika kumi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa na mito. Hizo mita 60 msiziseme tu, zipimeni kwa kamba kutoka majini, watu waone kamba inaishia mlango wa nani. Zogo litazuka. Mwachie mtendaji ajibu. Wewe si polisi, na ukivaa kofia hiyo siku moja hutaivua.

Hatua ya 8: Baada ya semina

Wazee wataikumbuka Mtu ni Afya, kampeni ya afya ya 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi nchi nzima, wakasikiliza redio, wakasomewa, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Nguvu yake ilikuwa hapo kwenye kutoka. Iga hilo: kabla hamjaachana, kila kaya iseme kwa mdomo itafanya nini, wapi, na kabla ya lini. Si "nitatunza mazingira". Iwe "nitachimba mstari mmoja juu ya migomba kabla ya Oktoba". Mmoja anayejua kuandika aandike, nakala ibaki kwa mwenyekiti.

Kubalianeni fremu A itakaa kwa nani, na nani atakopeshwa. Isikae ofisini, ofisi inafungwa saa tisa na nusu.

Rudi baada ya wiki tatu au nne, nyumba kwa nyumba, mikono mitupu, bila daftari la mahudhurio. Utakuta majiko mengine yamepasuka. Ziba pamoja na mwenyewe, na uliza lilipasukia wapi. Utakuta mmoja ameongeza kitu chake, labda rafu ya kukaushia kuni juu ya jiko, au chanja yenye ghorofa mbili. Huyo ndiye atakayeongoza semina ijayo kijiji cha jirani. Mlipie nauli, mpe turubai, na wewe ukae duarani na wengine.